Paji kwa Paji

Barka, Ijumaa, baada ya Alasiri.
Magari yameuzunguka uwanja kama meno,
nami nimekaa nyuma ya pikapu ya Ami Suweid,
kahawa kwenye chupa, halwa kwenye karatasi,
madaftari ya darasa la kumi mapajani,
hayajasahihishwa.

Baruti aliletwa kwanza. Kilo mia tisa, wanasema;
hapa hakuna mizani, kuna kusema.
Mgongo wake ungetandikwa mkeka mtu akalala.
Kisha wetu, Shubiri,
jina alilopewa kwa uchungu wa utotoni
(alikataa chupa, alikataa majani, alikataa kamba),
mia nne na kitu, mbavu zikihesabika.
Mtangazaji akacheka kwenye kipaza sauti,
akasema kwa Kiarabu kwamba huyu mdogo ni kitoweo.
Ami akamjibu chini chini, tusi la Wete
ambalo sitaliandika.

Kamba zikalegezwa.
Ng'ombe hawa hawana mbwembwe:
wakasogea, wakainamisha vichwa, wakanusana,
halafu
sauti kavu, ya nazi mbili zilizogonganishwa.

Shubiri akarudi nyuma, kwato zikilima mchanga,
hata akakaa kitako kama mbwa.
Baruti alisita hatua moja. Moja tu.
Na sote tuliokuwa pale tukaona jambo lile lile:
mkubwa kasukuma, mdogo kasukumwa.
Hata mimi mwenye shahada.

Jumatano Muzna, akaaye karibu na dirisha, aliniuliza:
"Mwalimu, lori na nzi. Kweli kani ni ile ile?"
Nikachora mishale miwili ubaoni, urefu sawa.
Akaitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Basi uwanja ulipobaki na vumbi nikashuka,
abaya nimeikusanya mkono mmoja,
kwa mwingine nikapima, gumba hadi kidole cha mwisho:
alama za Baruti, shubiri tatu.
Za Shubiri, shubiri kumi na tisa.
(Hapa Kiswahili changu kilicheka peke yake.)
Hesabu haikukaa sawa. Mchanga una mambo yake,
na fahali si kigari cha maabara.

Nikaenda kwenye lori la kina Muhenna.
Kijana wao alikuwa akimkanda Baruti kwa barafu.
Uvimbe pajini, yai la kuku.
Nikarudi kwetu; Ami na kitambaa kilicholowa.
Uvimbe pajini.
Yai la kuku.

Nikasimama pale kama niliyesahau nilichofuata.
Mchanga ulikuwa unasema nani mzito, basi.
Kilichopita baina yao kiliandikwa pajini,
na kilikuwa kimoja, hakikumjua mkubwa.
Tena hakuna aliyeanza, hakuna aliyejibu.
Hata neno mjibizo lina uongo ndani yake:
nani alingoja zamu?

Nilikuwa na miaka tisa tulipohamia Sib.
Kiswahili changu, kibichi, kiligongana na darasa zima,
nikateleza nyuma mwaka, miwili, nimenyamaza,
nikiamini kwamba ni mimi tu niliyeguswa.
Leo jirani, ambaye babu zake hawakuvuka maji,
hunigongea mlango Ramadhani kuomba mandazi,
na hulitamka vizuri.
Hatua moja ile. Sikuwahi kuipima.

"Umeona tulivyoshindwa?" Ami akaniuliza.
Nikasema: tumeshindwa kusimama, Ami.
Kusukuma, tumesukuma sawa na wao.
Akanitazama kwa macho ya Muzna,
akanitilia kitambaa mkononi, maji yakichuruzika.
"Haya," akasema. "Kamwambie yeye."